Mbu wa Jangwani na Wanaomsingizia Kabwela

Yako maneno tuliyoyasikia mara nyingi mno hata masikio yetu yamechoka. Kila masika yanapoingia, maji ya Msimbazi yakapanda mpaka barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, hatukosi kumwona mtu mmoja aliyevaa vizuri, kalamu iko mfukoni, akisimama na kusema: "Watu wa huku ni wachafu. Ndiyo sababu mbu hawawaishi na homa haiwatoki." Husema hivyo, hupanda gari lake, huenda zake. Na baadhi yetu, kwa upole wetu, tumezoea kuinamisha vichwa kana kwamba tumekamatwa na kosa.

Ndugu wananchi, leo hatuinamishi vichwa. Twasema neno hilo ni la uongo, na tena si neno jipya. Lilikuja na meli, likatumika kuugawa mji huu vipande vitatu, na wenye nalo walipoondoka walilisahau hapa kama mtu anavyosahau mwavuli. Ajabu ni kuwaona watu wetu wenyewe wakiuokota mwavuli huo na kutembea nao.

Tuanze na mbu mwenyewe, maana wanaomtaja sana ndio wasiomjua. Mbu anayeeneza malaria huitwa Anofelesi. Jike peke yake ndiye anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Akimuuma mtu mwenye vimelea vya malaria, vimelea hivyo hukua tumboni mwake kwa siku kumi hivi au zaidi, kisha hupanda kwenye mate yake, naye akimuuma mtu mwingine humwachia. Sasa msomaji asikilize vizuri. Anofelesi wa pwani yetu, yule mkuu wao anayeitwa gambiae, hapendi jaa la taka. Anapenda maji yaliyotulia, mepesi, yanayopigwa na jua: dimbwi la mvua, alama ya tairi la lori, shimo la mchanga, mfereji wa bustani ya mchicha, mtaro uliojengwa bila mteremko. Watafiti wamemkuta hata katika maji machafu ya mji huu, kwani naye anajifunza mjini kama sisi tulivyojifunza. Lakini mazalia yake ya asili ni maji ambayo mtu angeweza kuyatazama na kusema, maji haya ni safi.

Mbu anayependa uchafu ni mwingine. Huyo ni Kuleksi, mwenye kelele, ambaye huzaa katika vyoo vya shimo, makaro yaliyofurika na mitaro iliyoziba. Yeye haenezi malaria. Kazi yake mjini hapa ni kuchukua minyoo midogo mno, isiyoonekana kwa macho, kutoka damu ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na baada ya miaka mingi minyoo hiyo huleta matende na mabusha. Wazee wetu wa pwani waliambiana kwamba busha huletwa na madafu. Madafu hayana kosa. Mwenye kosa ni Kuleksi, na nyuma ya Kuleksi liko karo lisilonyonywa.

Ukitaka kuwatambua wangali majini, chota maji katika bakuli jeupe. Kiluwiluwi cha Anofelesi hulala sambamba na uso wa maji. Cha Kuleksi huning'inia kichwa chini. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujifunza jambo hili kwa dakika tano, na twashangaa kwa nini wakubwa wengine wamelikosa miaka yote hii.

Sasa tuulize. Dimbwi lile la Jangwani, nani kalichimba? Je, ni mama lishe? Ni mpagazi wa Kariakoo anayelala saa nne ya usiku na kuamka saa kumi? Mkandarasi huchimba udongo, akaacha shimo, akalipwa, akaondoka. Mtaro hujengwa ukaishia katikati ya mtaa, bila kufika mtoni wala baharini. Bomba hupasuka likamwaga maji majuma matatu. Magari makubwa yanayoingiza mali Kariakoo hukata barabara za udongo, na kila alama ya tairi ikawa nyumba ya uzazi ya Anofelesi. Kabwela hana greda, hana mkataba wa ujenzi, hana fungu la mitaro. Anacho kichwa cha kuinamisha tu, na hicho tumekwisha kusema hakiinami tena.

Hatusemi kwamba sisi hatutupi taka mtoni. Wapo watupao, na tunawaona. Mfuko wa nailoni unaoziba mtaro huwafanya maji yasimame, na yakisimama mbu wanashukuru. Lakini mtu asiyepitiwa na gari la taka mwezi mzima, taka ataziweka wapi? Azimeze?

Turudi nyuma kidogo, tuone neno hili lilitoka wapi.

Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa Kiingereza, akiwa India, aliviona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Miaka ileile ya 1897 na 1898 bingwa wa Kijerumani Robert Koch alikuwa hapa Dar es Salaam akichunguza homa hiyohiyo. Basi elimu ilikwisha kupatikana, na mji wetu haukuwa mbali nayo hata kidogo. Njia zikawa mbili. Ya kwanza, kumpiga mbu mwenyewe majini, kufukia madimbwi na kuchimba mitaro kwa ajili ya watu wote. Ya pili, kumhesabu Mwafrika, hasa mtoto wa Kiafrika, kuwa ndiye ghala la ugonjwa, kisha kumweka Mzungu mbali na ghala hilo.

Wajerumani walijaribu kwanza kwinini. Kuanzia 1901 daktari wao Ollwig aliongoza kazi ya kupima damu za watu wa mji huu na kuwapa kwinini wote waliokutwa na vimelea. Lakini mji ulikuwa na watu waingiao na kutoka kila siku, mbu waliachwa wakizaa, na malaria haikutoka. Katika miji mingi ya Afrika ikachaguliwa ile njia ya kutenga. Freetown, Sierra Leone, ulijengwa mtaa wa Wazungu juu ya kilima mwaka 1904, mbali na Waafrika, kwa hoja hiyo ya mbu.

Na hapa kwetu? Hapa palichorwa kanda tatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini nyuma. Mpango ulianza kuchorwa na Wajerumani, na Waingereza wakaukamilisha katika miaka ya 1920. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mtupu, na hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa afya: kuweka nafasi kati ya watu na watu. Uwanja huo msomaji anaujua. Ndio Mnazi Mmoja.

Tufikiri kidogo juu ya ujinga huu. Mbu huruka. Upepo wa bahari humsaidia. Hasomi ramani ya mpimaji. Zaidi ya hayo, yule mpishi, yule dobi, yule yaya, yule mlinzi wa usiku, wote walilala au kushinda Uzunguni kwa amri ya Mzungu mwenyewe. Basi kama Mwafrika ni ghala la ugonjwa, mbona ghala liliruhusiwa kuingia jikoni? Jibu ni kwamba ghala lilikuwa linapika. Jambo lililotengwa pale Mnazi Mmoja lilikuwa ardhi nzuri, mitaro, maji ya bomba na taa. Mbu walikuwa shahidi aliyeitwa mahakamani kuitetea kesi iliyokwisha kuamuliwa.

Na mwenyezi Mungu ana njia zake. Uwanja uleule ulioachwa mtupu ili watu wasikaribiane, ndipo watu walipojaa kwa maelfu Machi 1955 kumsikiliza Mwalimu Nyerere alipotoka Umoja wa Mataifa. Na Jangwani, penye maji na mbu, pakawa uwanja wa mikutano ambako wazee wetu walisimama juani kwa saa nyingi wakisubiri neno la Uhuru. Walipatengeneza pawe pa kututenga, tukapafanya pa kukutania.

Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Je, mbu tulimwondoa? Hapa yatupasa kusema kweli hata kama inauma nyumbani.

Yako mambo tuliyoyafanya vizuri. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili, mijini na vijijini, walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakabishana, kisha wakatoka na majembe. Walichimba vyoo, walifyeka, walifukia madimbwi. Hawakungoja mfadhili. Wapo wazee mjini hapa wanaoikumbuka mpaka leo.

Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1972, tulianza kuyavunja mabaraza ya miji, tukidhani mipango ya mikoa itatosha. Haikutosha. Mji ni mashine: ukiondoa fundi, mitaro huziba. Halmashauri ya Jiji ilirudishwa 1978, na wakati huo mji ulikuwa umekwisha kukua kuliko mifereji yake. Tangu 1988 hadi 1996 Wajapani walitusaidia kupambana na malaria Dar es Salaam na Tanga, wakasafisha mitaro na kupuliza dawa. Mradi ulipokwisha, mitaro ikarudi kulala. Tunawashukuru Wajapani. Ila twauliza, hivi jembe la kuzibua mtaro nalo linahitaji kutoka Tokyo?

Wenzetu wa Visiwani walilipa bei kubwa zaidi ya kosa hilo. Huko kampeni ya kuitokomeza malaria ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaishusha sana, kisha ikaachwa mwaka 1968. Haikuchukua miaka mingi malaria ikarudi juu. Waliianza upya karne hii, na kwa kazi ya kudumu wameifikisha chini ya mtu mmoja katika mia. Na mwisho wa 2023 ilipoinuka tena kidogo, walikimbilia kila nyumba. Wamejifunza kwamba mbu hapewi likizo.

Kutoka hukohuko Unguja tuna habari nyingine ambayo tungependa ibandikwe ukutani katika kila ofisi ya Bwana Afya. Makunduchi, mwaka 1988, karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na vijidudu vya matende katika damu. Wakapewa dawa, na pamoja na dawa, vyoo vya shimo vyenye maji vilimwagiwa chembe nyepesi za plastiki nyeupe, zile zinazotumika kufungia redio na vyombo visivunjike. Chembe zile huelea, hufunika maji, na Kuleksi hukosa mahali pa kutaga wala pa kupumulia. Baada ya miaka michache ugonjwa ulikuwa umeshuka hadi watu kama watatu katika mia. Chembe za kufungia vyombo! Kariakoo zinatupwa kila siku kwa magunia, nyuma ya kila duka la luninga.

Wala mbu si mdudu pekee tuliyemweza. Mbung'o wa Unguja, waliokuwa wakiua mifugo, waliondolewa kabisa katika miaka ya 1990. Madume yaliyofanywa tasa yalikuzwa Tanga na kumwagwa kisiwani kwa ndege, majike yakapandwa bila kuzaa, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Kazi kubwa ilifanyika Tanga, kwa mikono ya Watanzania wakishirikiana na wataalamu wa Umoja wa Mataifa.

Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba jambo hili ni gumu. Hapahapa Dar es Salaam lilikwisha kufanywa. Mwaka 2004 Jiji lilianzisha mpango wake wa kudhibiti malaria mjini. Na msingi wake ulikuwa upi? Nyumba kumi kumi! Ule mpango wa mabalozi tulioujenga tangu miaka ya 1960, ambao wengine huucheka kuwa ni wa kizamani, ndio uliotumika kuchora ramani ya mazalia ya mbu, nyumba kwa nyumba, dimbwi kwa dimbwi. Vijana wa mtaa, waliochaguliwa mtaani, walipita kila wiki wakitafuta maji yaliyosimama. Kuanzia 2006 wakaanza kutia dawa ya kuua viluwiluwi katika kata tatu, halafu kazi ikapanuka hadi kata 15 kati ya 73 za jiji lote wakati ule. Watafiti waliowapima watu walichapisha matokeo yao: penye dawa, maambukizi ya malaria yalipungua. Vijana wetu, kwa ndoo, bomba la kupulizia na daftari, wamefanya kazi ambayo daktari wa Kaizari hakuiweza kwa kwinini.

Halafu ikawaje? Ikawa kama ilivyokuwa kwa Wajapani. Fedha za miradi zilipopungua, nguvu ikapungua. Kata 15 hazikuwa 73.

Hapo sasa ndipo hasira yetu inapopanda kweli, maana dawa yenyewe inatengenezwa Kibaha. Ndiyo, Kibaha, mwendo wa saa moja kwa basi ikiwa foleni ina huruma. Serikali yetu ilijenga kiwanda huko pamoja na wenzetu wa Cuba, kikafunguliwa 2015, chenye uwezo wa kutoa lita milioni 6 kwa mwaka. Kinatengeneza dawa itokanayo na bakteria. Kiluwiluwi kikiila kinakufa. Samaki hafi, ng'ombe hafi, mtu hafi, mchicha haudhuriki. Juni 2017 Rais Magufuli alikwenda kiwandani hapo akaagiza halmashauri zote za nchi zinunue dawa hiyo. Agizo la Rais, kiwanda cha taifa, dawa salama, ugonjwa upo, mbu wapo. Kimebaki nini? Imebaki saini ya mtu mmoja mwenye kalamu mfukoni.

Tumekwisha kuzisikia sababu zao. "Bajeti haitoshi." Lakini fedha za magari hutosha. Fedha za semina hutosha, tena semina za malaria, zenye chai na sambusa, katika kumbi zenye viyoyozi ambamo mbu hawezi kuingia. "Dawa hii lazima itiwe kila wiki, ni kazi kubwa." Kweli, mbu hutoka yai hadi kuruka kwa siku kama saba hadi kumi na nne, kwa hiyo lazima dawa itiwe kila wiki. Mbona kodi ya meza sokoni hukusanywa kila siku, wala hatujasikia mtu akilalamika kwamba ni kazi kubwa?

Wapo wanaosema malaria ya Dar es Salaam ni ndogo, fedha zipelekwe Tabora, Mtwara na Kagera. Hii ni hoja ya heshima na tutaijibu kwa heshima. Ni kweli. Mwaka 2015 hadi 2016 watoto wadogo 14 katika kila 100 nchini walikutwa na vimelea. Mwaka 2022 walikuwa 8, na mikoa hiyo mitatu ilikuwa na mzigo mzito kuliko sisi. Hatutaki hata chandarua kimoja cha mtoto wa Tabora. Lakini mji huu ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022. Mtu asiyeumwa malaria mara kwa mara hupoteza kinga, na ikimpata humwangusha vibaya. Isitoshe, mji wenye barabara, soko na halmashauri yenye mapato kama Ilala ndio ungepaswa kujilipia wenyewe, ili fungu la taifa liende bara. Hivyo anayemwonea huruma mtoto wa Tabora aanze kwa kuidai halmashauri ya Kariakoo.

Na chandarua? Chandarua ni kitu chema, kimeokoa watu wengi mno, na kila mtoto alale ndani yake. Lakini chandarua kina adabu ya kitanda. Hakimfuati mama lishe anayekaanga samaki gizani saa mbili ya usiku. Hakimkingi machinga anayefunga mali yake kwa kurunzi, wala vijana wanaotazama mpira barazani. Mbu wa mjini amejifunza kuuma nje, kabla watu hawajalala. Tukiambiwa kwamba kinga yote ni chandarua, maana yake tumeambiwa: kila mtu ajifiche kwake, maji yabaki kama yalivyo.

Jambo jingine lisemwalo ni kuhama. Desemba 2011 maji yaliua watu wapatao arobaini katika mji huu, na waliokuwa bondeni wakapelekwa Mabwepande. Nyumba nyingine zikabomolewa mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016. Twasema wazi: mtu asilale ndani ya njia ya mto. Mto utamuua, na hakuna siasa itakayomfufua. Anayetolewa alipwe haki yake, apewe mahali ambapo anaweza kufika kazini. Lakini asidanganywe mtu kwamba kwa kuwahamisha watu mmehamisha ugonjwa. Dimbwi limebaki, na wa Kariakoo, Ilala na Magomeni wamebaki. Hiyo ni fikra ya Mnazi Mmoja imevaa kanzu mpya: ondoa mtu, acha maji.

Hata kituo cha mabasi ya mwendokasi kilijengwa palepale Jangwani, mabasi yakaanza kazi 2016, na mvua ziliponyesha yakaogelea. Kabwela akijenga bondeni huitwa mjinga. Mabasi ya umma yakijengewa bondeni huitwa mpango. Sasa kuna mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, uliopatiwa mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, wenye daraja jipya na kupanua njia ya maji. Tunaufurahia. Lakini mkopo tutaulipa sisi, kwa hiyo swali ni letu pia: wakati wa kuchimba na kujaza, yale mashimo ya ujenzi yatatiwa dawa kila wiki na nani? Je, imeandikwa katika mkataba? Kama haikuandikwa, basi tumekopa fedha kuzalisha mbu.

Msimbazi una balaa la ziada: ndio mpaka wa Ilala na Kinondoni. Ng'ambo hii wanasema mazalia ni ya ng'ambo ile. Tangu Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa Februari 2021 na Ilala kupewa hadhi ya jiji, hakuna baraza moja la madiwani lenye kusimamia kingo zote mbili. Mbu, kwa upande wake, hana shida. Huzaa Magomeni, akala Jangwani, akalala anapotaka. Hamuulizi mtu kama ni wa Yanga au wa Msimbazi, ingawa Wana-Jangwani wenzetu, kwa jinsi uwanja wao wa klabu unavyojaa maji, wangekuwa wa kwanza kudai bomba la dawa kabla ya kudai mshambuliaji.

Tena tusidhani muda tunao. Kuna mbu mwingine anakuja. Anaitwa stephensi, ni Anofelesi wa Asia, naye tofauti na ndugu zake anapenda mji: huzaa katika matangi, mapipa, majaba na visima vya nyumbani. Alionekana Djibouti mwaka 2012, wakati nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria waliohesabiwa. Mwaka 2020 walipindukia 73,000. Mwaka 2016 akaonekana Ethiopia, na mwisho wa 2022 Marsabit, Kenya. Nasi mwaka huohuo wa 2022 tulikuwa katika mgao wa maji, Ruvu imekauka, na kila nyumba ya Dar es Salaam ikajaza mapipa na simtanki. Huyo mbu akishuka bandarini atadhani ameandaliwa karamu. Yatupasa kufunika matangi yetu, hilo ni juu yetu na halihitaji diwani. Lakini maji yangetoka bombani kila siku, nani angeweka mapipa saba uani?

Na wale waliokuwa wakitulipia? Tangu 2006 Marekani ilikuwa mlipaji mkubwa wa vita vya malaria nchini mwetu. Januari 2025 fedha za misaada zilisimamishwa kwa amri moja ya ofisini Washington, na ilipofika Julai shirika lao la misaada lilikuwa limefungwa. Hatuwalaumu sana. Fedha ilikuwa yao. Tunajilaumu sisi tuliowakabidhi mbu wa Jangwani watu walioko ng'ambo ya bahari, hali dawa iko Kibaha na vijana wasio na kazi wamejaa barazani.

Basi madai yetu ni haya, nayo hayahitaji mshauri wa kigeni kuyaelewa. Halmashauri za Ilala na Kinondoni ziunde kikosi kimoja cha Bonde la Msimbazi, chenye mkuu mmoja anayejulikana kwa jina. Zitenge fungu katika mapato yao wenyewe, lisilotegemea mradi, la kununua dawa ya Kibaha na kuwalipa vijana wa mtaa ujira wa kweli, maana mtu hapulizi dawa kwa kupigiwa makofi. Kila mkandarasi atakayeacha shimo la maji alifukie kwa gharama yake kabla ya kulipwa senti ya mwisho. Makaro yanyonywe kwa bei ambayo mpangaji anaiweza. Na mabalozi wa nyumba kumi wa Jangwani na Kariakoo, wasingoje barua: Jumamosi hii watoke na bakuli jeupe na daftari, waandike kila maji yaliyosimama, mahali pake, na nani aliyeyaacha hapo. Daftari hizo zikusanywe ofisi za tawi.

Tutazichukua daftari hizo mpaka kwenye kikao cha bajeti. Tutawauliza madiwani, mmoja mmoja, mwaka huu mmenunua lita ngapi, zimetiwa kata zipi, na mara ngapi. Majibu yao tutayachapa katika ukurasa huuhuu, kwa majina ya kata. Diwani atakayekosa jibu, nafasi ya kata yake tutaiacha nyeupe.